Tupeane uzoefu: Mliofundishwa muziki mkiwa vijana wa uswahilini, ulikusaidieni nini?

Mwalimu wa Mbagala (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina kikundi cha watoto na vijana hapa Mbagala, tunakutana kanisani jioni baada ya shule. Tulianza na kwaya tu, sol-fa ubaoni, sasa tumepata kinanda kimoja na trampeti mbili za kuazima. Wapo wa darasa la tano, na wapo waliomaliza kidato cha nne wakabaki nyumbani. Nawapenda sana vijana hawa na nataka jambo hili lidumu.

Juzi mzazi mmoja alinifuata baada ya ibada, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Mwalimu, mwanangu kila jioni yuko kwako. Huo muziki utamfikisha wapi?" Ana haki ya kuuliza. Jioni ndiyo saa ya vitumbua na mihogo, na mtoto akiwa kwangu, mama yake anahangaika na jiko peke yake.

Nilimjibu nilivyoweza, ila najua kuna watu humu wamelelewa na muziki kwenye mitaa kama yetu. Naomba mtueleze mlifundishwa wapi, chombo mlikipata vipi, nyumbani walisemaje, na leo mko wapi. Na kama mradi wenu ulikufa, tuambieni ulikufaje.

Viola_Koch

Mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Mimi ni wa Korogocho, nimepitia Ghetto Classics, programu ya kuwafundisha muziki watoto na vijana wa mtaani kwetu. Kwa wasioijua, iliasisiwa mwaka 2008 na Elizabeth Njoroge kupitia Art of Music Foundation, na nyumbani kwake ni pale parokia ya Mtakatifu Yohana, jirani kabisa na jaa la Dandora. Upepo ukigeuka, moshi wa takataka unaingia hadi tunapofanyia mazoezi. Wapiga tarumbeta na klarineti wanaanza kukohoa, tunasubiri kidogo, tunaendelea.

Siku ya kwanza sikupewa chombo, nilipewa penseli. Mwalimu akanionyesha kuishika jinsi upinde wa kupigia viola, ndugu mkubwa wa fidla, unavyoshikwa: kidole gumba kimekunjwa kidogo, kile cha mwisho kimesimama kwa ncha, vingine vimelegea juu yake. Nilikuwa nikisimama kwenye foleni ya maji na mitungi yangu, mkono uko na penseli. Nilipokabidhiwa viola yenyewe vidole vilikuwa vimeshazoea, kazi iliyobaki ilikuwa sauti.

Vyombo vilikaa kituoni, na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Sisi tulikuwa tunalala familia nzima chumba kimoja cha mabati, na mvua ikinyesha kila kitu kinapata unyevu. Gundi ya viola ikiachia, mbao inafunguka. Halafu kuna wezi, na kuna siku ambayo nyumbani hakuna unga na mtu anaona pale pembeni kuna kitu kinachoweza kuuzwa. Usimpe mtoto jaribu hilo.

Umeuliza faida. Kwangu ya kwanza ni ile saa yenyewe. Jioni, kati ya kutoka shule na giza kuingia, ndipo vijana wa rika langu walikuwa wakivutwa na magenge. Wengine niliosoma nao darasa moja hawako hai. Mimi nilikuwa na pa kwenda, na kulikuwa na mtu mzima ambaye nisipofika kesho yake ananiuliza nilikuwa wapi. Sijui kama watu wa mitaa mizuri wanaelewa uzito wa kuulizwa hivyo.

Ya pili ni kufundisha. Pale kwetu wakubwa wanafundisha wadogo, nami nilianza kufundisha ningali ninajifunza, nikawa napata posho kidogo. Ndiyo pesa yangu ya kwanza ya halali. Pesa za kuendesha programu zilitoka sehemu mbalimbali. Kwa mfano, mapato ya tamasha la jazi la Safaricom, lililoanza 2014, yalikuwa yanaelekezwa huko. Kwa hivyo mzazi akiuliza muziki utamfikisha wapi mtoto, mwambie wengi wetu hatukuwa wanamuziki wa jukwaani. Mimi ni mwalimu wa watoto. Mwenzangu ni fundi mitambo wa sauti. Mwingine yuko chuo kikuu anasoma kitu tofauti kabisa, lakini nidhamu ya kurudia kipande kigumu mpaka kikubali aliipata pale.

Binti Ng'ambo

Asalaam alaykum. Nawaandikia kutoka Unguja. Nimesoma kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, katika Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanza 2002, wakati huo kikiwa kwenye jengo la forodha ya zamani, Mji Mkongwe, pale baharini. Kwetu ni Ng'ambo, baba mchukuzi bandarini, na ada ya chuo isingewezekana bila ya kufadhiliwa.

Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimekaa tatu tatu, kila tatu sauti moja. Kabla hujapiga wimbo wowote unazikaza zote kwa kile kifunguo chake, unasikiliza, unarudi nyuma, unalegeza. Kwa mwanafunzi hiyo peke yake inamaliza kipindi. Mwalimu wangu hakukubali kunikazia. Alikuwa anakaa pembeni, akisikia uzi mmoja umepotoka anainua kidole tu, nautafuta mwenyewe. Skuli sikuwa mtu wa kutulia. Subira niliyonayo leo kazini niliipata kwenye nyuzi zile.

Nyumbani kulikuwa na hofu, na siwalaumu wazee wangu. Mtoto wa kike, magharibi inaingia, yuko na wanamuziki. Kilichosaidia ni kwamba mwalimu alikuja mwenyewe baada ya laasiri, akapiga hodi, akakaa barazani na baba. Hakumsimulia habari za umaarufu. Alimwambia saa ngapi naingia, saa ngapi natoka, nani wa kike mwengine yupo darasani, na kwamba yeye ndiye atakayeulizwa. Bibi yangu, aliyekuwa anasikiliza kutoka ndani, akakumbusha habari ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, aliyetoka Fumba akiuza vyungu, akapata watu mjini waliokubali kumfundisha, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurikodi santuri. Baba akakubali.

Mwalimu wa Mbagala, nenda nyumbani kwa yule mzazi. Usimsubiri kanisani. Hasa kama kuna mabinti katika kikundi chako, kila nyumba uifikie kabla hujaanza. Hapa kwetu lipo kundi la Tausi, wanawake watupu, wanaimba na vyombo wanapiga wenyewe. Mabinti wakiwaona wale, hofu inapungua nusu.

Na jengine: mwaka 2019 chuo chetu kilitangaza hadharani kuwa kinakaribia kufunga kwa kukosa fedha. Chuo kinachojulikana dunia nzima! Basi wewe mwenye trampeti mbili za kuazima, anza mapema kufikiri pesa itatoka wapi.

Tromboni ya Manzese

Mwalimu shikamoo, kama umri unaruhusu. Mimi ni mtu wa matarumbeta. Nilijifunzia bendi ya kanisani, nikaingia mtaani, na ndiyo kazi inayolisha watoto wangu.

Wengi mnatuona juu ya kirikuu mbele ya magari ya bibi harusi, mnadhani tumeokotana tu. Kuingia kundini si rahisi. Kijana anaanza na ngoma kubwa, ajue kushika mwendo huku gari linatikisika na watu wanacheza mbele yake. Halafu anapewa kile kipande cha kupulizia peke yake, bila trampeti. Anapuliza midomo itetemeke mpaka atoe sauti moja iliyonyooka. Wengi wanakimbia hapo, kwa sababu mashavu yanauma na hakuna wimbo wowote unaosikika. Anayevumilia ndiye tunamkabidhi chombo.

Wikiendi za msimu wa harusi tunapiga sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi, kipaimara Jumapili. Malipo tunagawana siku hiyo hiyo, na fungu moja linabaki kwa ajili ya vyombo kabla mtu yeyote hajachukua chake. Bila fungu hilo kundi linakufa. Kwaresima ikifika kazi inapungua sana, kwa hiyo vijana tunawasisitiza wawe na shughuli nyingine pia.

Mwambie yule mama kwamba kijana wake akiiva kwenye trampeti, Dar es Salaam hii hatakosa mwaliko. Ila uwafundishe nota. Mimi napiga kwa kusikia, na nilipotaka kujaribu usaili wa bendi moja ya serikali waliniwekea karatasi mezani. Vijana wako wasikwame pale nilipokwama.

Mdau wa Igogo

Mwanza hapa. Mimi ni wa mradi uliokufa, silitaji jina.

Walikuja wafadhili wa nje na vyombo vizuri sana, vipya. Tulikuwa vijana wengi, tukafundishwa vizuri, tukapiga hafla mbele ya wageni rasmi. Ufadhili ulipofika mwisho, mwalimu akaondoka kwa kuwa mshahara wake ulikuwa ndani ya mradi. Vyombo vikafungiwa stoo ya ofisi moja. Tulipoomba angalau tuvitumie Jumamosi, tukaambiwa mwenye dhamana hayupo. Baadaye nilivichungulia dirishani, gita zimepinda shingo kwa joto. Hasira yangu juu ya hilo bado ipo, kwa sababu wadogo zangu wawili walikuwa wanasubiri zamu yao.

Kwa hiyo kabla hujapokea msaada wowote, andikisheni nani mmiliki wa vyombo na nani ana ufunguo. Na mfundishe kijana mmoja au wawili ufundi wa kutengeneza: kubadili nyuzi, kugundisha mbao, kuziba mabomba yanayovuja. Sisi uzi ukikatika, gita lilikuwa linawekwa pembeni. Gita zima, kwa uzi mmoja.

Mwana Lushi

Ndugu wa Igogo, umenigusa. Ninyi mlishindwa na uzi, ila kule Kinshasa okestra ya Kimbanguiste ilianza 1994 chini ya Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyeanzisha kanisa hilo la Kimbanguiste, ikiwa na fidla chache sana. Watu walikuwa wanapokezana chombo kimoja. Uzi ulipokatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Hakuna mfadhili aliyewaambia waanze, wala ambaye angewaambia waache. Leo ni okestra kamili na kwaya, watu wanatoka sokoni na kwenye kazi zao jioni wanakuja mazoezini.

Mimi si mwanamuziki. Ila binti yangu hapa Lubumbashi anajifunza kwa kupokezana vilevile, na nimeona kwamba watoto wanaopokezana wanasikilizana zaidi. Asiye na chombo anafuata nota kwa kidole huku mwenzake anapiga.

Msomaji wa Kibaha

Naomba niongeze jambo ambalo sijaona likitajwa: nani hasa anaingia kwenye programu hizi.

Mfano unaoigwa na wengi ni ule wa Venezuela, El Sistema, alioanzisha José Antonio Abreu mwaka 1975. Ulifanyiwa utafiti mkubwa uliochapishwa 2017, watoto 2,914 wa miaka 6 hadi 14, katika vituo 16. Baada ya mwaka mmoja ilionekana watoto walioingia mapema walikuwa na uwezo zaidi wa kujizuia kuliko waliopangiwa kuingia baadaye, na wavulana waliokuwa wanaishi kwenye vurugu walipunguza ugomvi. Hayo ni mazuri. Lakini watafiti walikuta pia kwamba kati ya watoto waliojiandikisha, maskini walikuwa asilimia 16.7 tu, wakati katika majimbo wanayotoka maskini walikuwa asilimia 46.5. Mlango ulikuwa wazi kwa wote na masomo yalikuwa ya bure, bado nadhani waliowahi ni wale ambao wazazi wao walikuwa na nafasi ya kusikia tangazo, kusubiri foleni na kumleta mtoto.

Mwalimu, mtoto wa muuza vitumbua ndiye uliyemkusudia, na ndiye wa kwanza kuacha. Ningekuwa wewe ningebadili saa. Muulize mama yake biashara inachanganya saa ngapi, halafu mpangie mwanawe saa nyingine, hata kama ni mwenyewe na wenzake wawili watatu tu.

Mwalimu wa Mbagala

Nimesoma yote, mengine nimerudia. Asanteni sana, ndugu zangu.

Binti Ng'ambo na Msomaji, kesho nakwenda kwa yule mama, na swali langu la kwanza litakuwa saa zake. Mdau wa Igogo, pole sana. Suala la ufunguo nitalipeleka kwenye kikao cha wazee wa kanisa, liandikwe kwenye daftari. Viola_Koch, penseli tunazo nyingi, fidla hatuna hata moja, lakini nimepata wazo kwa wale wa trampeti: waanze na kile kipande cha kupulizia kama alivyosema Tromboni.

Tromboni, marahaba. Trampeti zangu zinarudi kwa mwenyewe mwezi ujao. Tumechanga kidogo, tunataka kununua moja iliyotumika. Nitajuaje kama nzima? Mimi ni mtu wa kwaya, vyombo vya kupuliza sivijui.

Tromboni ya Manzese

Mwalimu, usiangalie kung'aa. Bonyeza vali zote tatu, vile vya kubonyeza kwa vidole, moja moja, uachie. Kila moja ipande juu haraka bila kukwaruza. Halafu, bila kubonyeza, vuta kile kibomba cha pembeni cha kila vali. Kikitoka na mlio wa "pop", hewa haivuji. Kikitoka kimya, vali imelika, achana nayo hata wakipunguza bei. Kibomba kisichovutika kabisa ujue kimeshika kutu, nacho ni gharama. Sehemu ndogo zilizobonyea kwenye mdomo mpana wa mbele hazina shida. Na usikubali muuzaji akutilie mafuta ya kupikia ili vali ziteleze mbele yako, futa kwanza ndipo ujaribu.

Nitumie ujumbe kabla hujatoa pesa. Jumamosi hii asubuhi sina kazi mpaka saa nane, naweza kuja Kariakoo tuiangalie pamoja, na mlete yule kijana atakayeipiga.