Mjadala: Je, kila mtoto wa timu inayofungwa acheze angalau nusu ya mechi?

Mtoa hoja, Morogoro

Ndugu zangu, naleta hapa jambo lililowagawa wazazi wa timu yangu na ambalo nadhani linawagawa walimu wengi wa soka la watoto: je, kanuni za ligi zetu za mitaa za watoto walio chini ya miaka 13 ziandike wazi kwamba kila mtoto aliyefika uwanjani acheze angalau nusu ya mechi, hata kama timu yake inafungwa kila wiki? Msimamo wangu ni kwamba ziandike hivyo, na nitaeleza nilivyofika hapo, kwa sababu sikuanza nikiamini hivyo.

Nina watoto 18 na mechi zetu ni za dakika 60. Msimu huu tumecheza mechi nane, tumepoteza saba na kutoka sare moja. Mechi ya kwanza tulifungwa mabao sita bila majibu, na jioni ile baba wa mmoja wa wachezaji wangu bora alisimama mbele ya wazazi wenzake akasema kwamba wapangwe wanaojua mpira, wasiojua wasubiri. Nilimsikiliza, tena nilimwona ana haki, kwa kuwa mwanawe alitoka uwanjani akilia. Mechi nne zilizofuata nikapanga kikosi kilekile cha watoto 11 wenye uwezo, na nikafanya mabadiliko pale tu mtoto alipoumia. Tulifungwa zote nne.

Baada ya hapo nilikaa na daftari langu nikahesabu. Katika mechi tano za mwanzo tulikuwa tumefungwa mabao 21, na 14 kati ya hayo yaliingia kipindi cha pili. Wachezaji wangu bora walikuwa wanacheza dakika zote 60 chini ya jua la saa tisa alasiri, na ilipofika dakika ya arobaini kiungo wangu, mtoto wa miaka 12 anayetegemewa kukaba na kupeleka mashambulizi, alikuwa anatembea. Pembeni walikaa watoto saba wenye pumzi zao, ambao nilikuwa sijawafundisha chochote kwa mwezi mzima isipokuwa namna ya kukaa kwenye benchi. Wakati huohuo mahudhurio ya mazoezi yalishuka kutoka watoto 18 hadi 12, na kwa watoto 12 huwezi hata kugawa timu mbili kamili za kufanyia mazoezi, kwa hiyo wale bora niliodhani ninawalinda nao walikosa mazoezi ya maana.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba timu dhaifu haifungwi kwa sababu ya wachezaji wake watano wazuri. Inafungwa kwa sababu ya wale wengine ambao bado hawajui wasimame wapi mpira unapopotea, na hilo hakuna mtoto anayelijua kwa kutazama akiwa amekaa. Anayefundisha timu inayoongoza ligi anaweza kuficha udhaifu wa mtoto mmoja nyuma ya wenzake kumi, lakini sisi tunaofungwa hatuna mahali pa kuuficha, na njia iliyobaki ni kuuondoa.

Tangu mechi ya sita ninagawa mchezo katika robo nne za dakika 15. Nafasi 11 katika robo nne ni nafasi 44. Kwa watoto 18, kila mmoja anapata robo mbili, ambazo ni nusu ya mechi, na zinabaki nafasi nane ambazo huwapa watoto wanane robo ya tatu. Makipa wawili wanagawana vipindi. Mpango huandikwa nyumbani kabla ya siku ya mechi, kwa sababu mwalimu anayeamua mabadiliko huku bao la tatu likiingia ataamua kwa hasira au kwa woga. Jambo la kuangalia sana ni kutowaweka wanaoanza wote katika robo moja: beki wa kati mmoja na kiungo mmoja wenye uzoefu wawepo uwanjani muda wote, kisha wale wengine wazungushwe kuwazunguka. Na kuna desturi moja ninayoichukia, nayo ni kumwingiza mtoto dakika tano za mwisho timu ikiwa nyuma kwa mabao matano, ili ionekane naye amecheza. Mtoto huyo anajua kabisa kwa nini ameingizwa.

Matokeo ya mechi hizo tatu ni kufungwa 2–1, sare ya 1–1 na kufungwa 3–1. Sidai kwamba tumekuwa mabingwa. Ninachosema ni kwamba hatukuharibikiwa zaidi, na watoto 17 wamerudi mazoezini.

Kikwazo changu ni kanuni. Ligi yetu inatumia utaratibu wa wakubwa: wachezaji watano wa akiba, na aliyetoka harudi. Kwa hesabu hiyo, kati ya watoto 18, hata ukitaka kutenda haki, wawili hawatagusa mpira. Mechi zile tatu ziliwezekana kwa sababu tu walimu wa timu pinzani walikubali kabla ya mchezo. Wakati huohuo Sheria ya 3 ya mchezo wenyewe, inayotolewa na bodi ya kimataifa ya IFAB, inaruhusu mchezaji aliyetolewa kurudi uwanjani katika soka la vijana na la ngazi ya chini, mradi chama cha nchi kikubali. Kwa hiyo mlango haujafungwa na sheria za soka, umefungwa na sisi wenyewe. Naomba hoja zenu, hasa za wanaopinga.

Mwalimu wa timu ya vijana, Temeke

Mwalimu mwenzangu, nimekusoma kwa heshima, lakini sikubaliani nawe katika mambo matatu, nami nina miaka mingi kwenye viwanja vya mchangani.

Kwanza, unasahau nidhamu. Mtoto aliyefika mazoezini Jumanne, Jumatano na Ijumaa, na mwingine aliyekuja Jumamosi akiwa na njumu mpya tu, wewe unawapa dakika sawa kwa nguvu ya kanuni. Utamwambia nini yule wa kwanza? Benchi ni chombo pekee ambacho mwalimu wa kujitolea anacho; hana mshahara wa kukata wala mkataba wa kuvunja. Ukikichukua, umemwacha mikono mitupu.

Pili, na hili ndilo zito, ligi za mitaa yetu zimejaa watoto wa umri wa kughushi. Nimewahi kupeleka timu ya chini ya miaka 13 nikakuta beki wa upande wa pili ameshaota ndevu, na cheti chake kinasema ana miaka 12. Unataka kanuni inilazimishe nimwingize mtoto wa miaka 11, mwenye umbo dogo, akabane na mtu huyo kwa nusu saa? Akivunjika mguu, mama yake hataiuliza kanuni, ataniuliza mimi.

Tatu, watoto wenyewe wanataka kushinda. Katika umri wa miaka 12 mtoto mwenye kipaji anaanza kufikiria UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na timu ya mkoa, na akiona kwenu anakaa nje nusu ya mechi ili jirani yake acheze, atahamia timu nyingine. Utabaki na haki yako na timu isiyo na mshambuliaji. Hakuna nchi iliyoinuka kisoka kwa kugawana dakika kama mgao wa unga.

Mama wa mchezaji, Tanga

Nawasalimu walimu wote. Mimi si mwalimu wa mpira. Ni mama ninayefua jezi na kutoa nauli ya daladala. Msimu uliopita mwanangu alikwenda na timu Jumamosi tatu mfululizo, akarudi mara zote tatu jezi yake ikiwa safi kama nilivyoikunja. Mara ya tatu aliichukua akaipaka udongo mwenyewe njiani, nisije nikamuuliza. Mwalimu wa Temeke, najua wewe hukusudii mtoto afike huko, lakini naomba ulipime jambo hili pamoja na hilo la nidhamu, maana mwanangu hakukosa zoezi hata moja.

Hata hivyo, mtoa hoja, naona nusu ya mechi ni nyingi kwa mtoto aliyeanza mwezi huu. Mimi ningeridhika na robo moja ya dakika 15, kama ingekuwa ya uhakika na kama ningeambiwa tangu Ijumaa. Kinachomuumiza mtoto ni kuvaa njumu, kupasha misuli, kisha kumtazama mwalimu kila filimbi inapopulizwa akidhani sasa ni zamu yake.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Nichangie jambo moja kuhusu uwezo wa kanuni. Kule Mathare, mtaa wa hapa Nairobi, chama cha michezo cha vijana cha MYSA kilichoanzishwa mwaka 1987 kiliamua kwamba timu za watoto zipate pointi za ligi kwa kufanya usafi wa mtaa, na pointi hizo zikahesabiwa kwenye jedwali pamoja na za ushindi. Wakati huo wengi wangeweza kusema kwamba kuzoa taka si soka. Kutoka katika chama hichohicho ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 ikatwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Kwa hiyo kama mnaogopa kumlazimisha mwalimu, ligi inaweza kumvuta: timu iliyochezesha watoto wake wote nusu ya mechi iongezewe pointi moja, iwe imeshinda au imefungwa.

Mtoa hoja, Morogoro

Nawashukuru. Nianze na Mwalimu wa Temeke kwa kuwa hoja zake ndizo zilizoninyima usingizi.

Kuhusu umri wa kughushi, unasema kweli tupu. FIFA yenyewe ililazimika kuanza kutumia vipimo vya MRI, yaani picha za kuonyesha ukomavu wa mifupa, vya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, na sisi huku mitaani hatuna mashine wala fedha ya kuilipia. Lakini kama beki mwenye ndevu ni hatari kwa mtoto wako mdogo, ni hatari pia kwa mshambuliaji wako bora wa miaka 12, ambaye ndiye atakayekutana naye mara nyingi zaidi. Dawa yake ni kukata rufaa au kukataa kucheza, na kumweka mdogo benchi hakumwondoi yule mkubwa uwanjani. Tena nakuomba utazame benchi lako siku moja ukiwa na orodha ya tarehe za kuzaliwa. Mimi nilifanya hivyo, nikakuta watano kati ya saba niliowaacha nje walizaliwa kuanzia Agosti hadi Desemba. Nilidhani ninachagua kipaji, kumbe nilikuwa nachagua waliozaliwa mapema ndani ya mwaka na kutangulia kurefuka.

Kuhusu nchi zilizoinuka, Ujerumani ina mataji manne ya Kombe la Dunia, na tangu msimu wa 2024/25 shirikisho lake limeufanya kuwa wa lazima mfumo wa watoto wadogo kucheza katika timu za wachezaji wachache, kwa kupokezana, bila jedwali la ligi. Norway hairuhusu jedwali la matokeo kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11. Nakiri kwamba hao ni wadogo kuliko watoto wetu wa miaka 12, kwa hiyo sitaki kuubebesha mfano huo mzigo usiouweza. Karibu zaidi na hoja yangu ni chama cha AYSO cha Marekani, kilichoanza California mwaka 1964, ambacho kanuni yake ni hiyohiyo ninayoiomba: kila mtoto acheze angalau nusu ya kila mechi.

Kuhusu mchezaji bora kuhama, sina jibu kamili. Yule baba niliyemtaja bado hajamhamisha mwanawe, ila najua anaweza kufanya hivyo wiki ijayo. Ndiyo maana naitaka kanuni badala ya hiari ya mwalimu mmoja mmoja, kwani akihamia timu ya jirani atakuta nako kila mtoto anacheza nusu.

Kwenye nidhamu umenishinda, Mwalimu, na nimebadilisha mpango wangu. Zile nafasi nane za robo ya tatu nilikuwa nazigawa kwa zamu. Kuanzia mechi ijayo zitakwenda kwa waliohudhuria mazoezi yote ya wiki. Na aliyekosa mazoezi yote bila taarifa asidai nusu ya mechi, apewe robo moja. Mama wa Tanga, hapo hoja yako ya robo ya uhakika imepata nafasi pia kwa mtoto anayeanza, katika mwezi wake wa kwanza, na mpango utasomwa Ijumaa baada ya mazoezi ili kila mmoja alale akijua zamu yake. Pendekezo la pointi kutoka Nairobi nitalipeleka kama njia ya pili, iwapo kanuni itakataliwa.

Rasimu ninayokusudia kuipeleka kwenye kikao cha ligi kabla ya msimu ujao ni hii: "Katika mechi za chini ya miaka 13, wachezaji wote walioandikwa kwenye karatasi ya mechi wanaruhusiwa kuingia, na aliyetoka anaruhusiwa kurudi. Kila mmoja atacheza angalau nusu ya mechi, isipokuwa aliyeumia, aliye katika mwezi wake wa kwanza, au aliyekosa mazoezi yote ya wiki bila taarifa." Sehemu ya mwisho ndiyo ninayoiona dhaifu, kwa sababu mwalimu anayetaka kukwepa anaweza kudai kwamba nusu ya timu yake haikuja mazoezini. Mwalimu wa Temeke, wewe unazijua hila za viwanjani kuliko mimi. Naomba uniandikie kipengele hicho upya.