Re: Re: TEN imepingwa – jioni ya kuonja bia bila kuona chupa

Mangi, Reading:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Nina shida ya haraka. Klabu yetu ya wapika bia wa nyumbani imenitwisha kazi ya kuandaa jioni ya kuonja bila kuona chupa. Tuko kumi na wanne, wengi wazee wastaafu wa Kiingereza. Kila mtu analeta alichopika, mmoja asiyeonja anabaki jikoni kumimina kwenye vikombe vilivyoandikwa 417, 862 na kadhalika, sisi huku mezani hatujui kipi cha nani. Mbege yangu, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, nimeichomeka humo kimyakimya.

Ukumbi wakasema bila TEN (Temporary Event Notice, taarifa kwa halmashauri ya shughuli ya muda yenye pombe) hamkanyagi. Nikajaza kwenye tovuti ya halmashauri, nikalipa £21, ikaingia kama ya kuchelewa maana zilibaki siku saba za kazi. Juzi naletewa barua: watu wa Afya ya Mazingira wamepinga. Sababu? Kelele! Kelele za wazee wanaonusa vikombe!

Swali: kila mtu anachanga £5 ya ukumbi na vitafunio. Bia hakuna anayeinunua. Hiyo nayo ni kuuza pombe? Kama si kuuza, TEN ya nini?

Mama Neema, Leicester:
Pole mdogo wangu. Hizo halmashauri ni bahati yako tu. Mimi kipaimara cha Neema niliomba TEN wiki ya mwisho na siku tano tu ikapita, tukacheza mpaka saa sita usiku. Tatizo letu lilikuwa DJ, alikula hela ya watu akaja na spika moja. Jaribu kuwapigia simu asubuhi mapema, ukiongea nao vizuri wanaelewa.

Mzee Kipara, Slough:
Mama Neema, kwa heshima zote, usipotoshe watu. TEN ya kawaida ni siku 10 za kazi, na huhesabu siku uliyoipeleka wala siku ya shughuli. Ya kuchelewa ni kati ya siku 5 na 9. Tofauti yake ni hii: ya kawaida ikipingwa na polisi au Afya ya Mazingira, unasikilizwa na kamati. Ya kuchelewa ikipingwa imekufa. Hakuna simu ya asubuhi itakayoifufua. Vijana tunawaambia kila mwaka, jazeni mapema, hawasikii.

Na usisahau HMRC, watu wa kodi. Bia ya kupika nyumbani haitozwi ushuru kwa sababu ni ya kunywa mwenyewe, si ya biashara. Zamani hata hiyo ilitaka leseni, mpaka bajeti ya waziri wa fedha Maudling ya 1963 ilipoiondoa.

Mama Neema:
Sijapotosha mtu, nimeeleza yaliyonikuta mimi. Na siku tano si ndiyo hizo hizo ulizoandika wewe?

Otieno, Luton:
Sasa nyinyi mnapigana na siku na hakuna ameuliza kama huo ukumbi uko na leseni yake yenyewe. Kumbi zingine ziko nayo, hapo TEN haihitajiki. Mangi uliza caretaker akuonyeshe karatasi, iko na masaa na masharti yote.

Hiyo mchezo tulicheza hapa kwangu. Vijana waliapa hakuna mtu anaweza kuwadanganya na Tusker, bia yetu ya Kenya. Nikawapea vikombe vitatu kila mtu: viwili bia moja, cha tatu tofauti, chagua kile si ndugu ya wengine. Ukibahatisha tu uko na nafasi moja kwa tatu. Waheshimiwa wakachagua kama watu wanabahatisha! Mmoja alitoa hotuba kuhusu ladha ya Ruaraka, kwenye kiwanda cha Tusker, akiwa ameshika lager ya supermarket. Hadi leo anasema nilichanganya vikombe.

Siri ni baridi. Zote zitoke friji moja wakati mmoja, kiasi kimoja kikombeni, na mtu asiongee mpaka kila mmoja ameandika. Akiongea wa kwanza, wote wataonja maneno yake.

Mzee Kipara:
Hapo Otieno umenena. Ongeza hili: wasipake manukato. Na kikombe kikinuka siagi, kama popcorn ya sinema, mara nyingi mpikaji aliikimbiza chupani kabla hamira haijamaliza kazi. Kikinuka kabichi iliyochemshwa, hiyo ni kimea, hakikuchemka vya kutosha. Kile cha kunuka kama kicheche kiliachwa juani kwenye chupa ya kijani.

Kulwa, Minneapolis:
Huku kwetu mambo rahisi kaka. Rais Carter alisaini sheria 1978, nyumba yenye watu wazima wawili mnapika galoni 200 kwa mwaka bila kodi, na TTB, idara ya ushuru wa pombe, wanaruhusu kuitoa nyumbani kwenda kwenye mashindano na kuonja. Ila usiuze. Mwambie ofisa wako hivyo.

Mzee Kipara:
Yuko Reading. Ofisa wa Reading TTB inamhusu nini?

Bi Salama, Maskati:
Assalaam alaykum. Orodha hii tuliingia kwa mambo ya viza, shule za watoto na kutuma pesa. Sasa naamka naswali alfajiri, nafungua barua pepe nakuta vikombe vya bia. Mnaoendesha orodha mtazame.

Mangi:
Waalaykum salaam Bi Salama, utuwie radhi, ningeweka alama kwenye kichwa cha barua.

Wakuu, nimeuliza ukumbi, caretaker yuko likizo. Bado sijajibiwa hiyo £5.

Mama Neema:
Mangi na hiyo mbege unajisumbua. Namba haitaficha kitu. Bia zote zinameremeta, yako imeshika uji wa ulezi mpaka juu, hata mwenye mtoto wa jicho ataiona. Iweke peke yake mwishoni, tena mwishoni kabisa, uchachu wake utaua ndimi za wenzio. Na msesewe umetoa wapi? Bila lile gamba chungu umepika ndizi tu. Mama mkwe wangu Marangu alikuwa akichemsha ndizi mpaka zinakuwa nyekundu, kijiji kizima kinajua kesho kuna kitu. Jamani nataka kwenda nyumbani.

Kulwa:
Nyumbani tunaenda kama watalii dada, pasi ya Marekani mkononi. Tumeiomba Tanzania uraia pacha miaka nenda rudi, tunapewa "hadhi maalum".

Otieno:
Sisi tuko na uraia pacha tangu katiba ya 2010. Karibuni Kenya 😂

Mzee Kipara:
Otieno usituchokoze. Uraia si kitu cha kugawa kama pipi, wapo wenye sababu nzuri za kuukataa huo uraia pacha, tuliujadili humu, someni barua za nyuma.

Kulwa:
Sababu zipi? Taja moja.

Dogo Lao, Hull:
Samahani kuingilia. Kuna mtu eVisa yake (kibali cha ukaazi cha mtandaoni) bado inaonyesha pasi ya zamani? BRP yangu, ile kadi ya ukaazi, iliisha 31 Desemba 2024, nimebadilisha pasi, sasa nikifungua akaunti inaleta namba ya ile iliyokatwa kona. Pia, Mama Neema, ulezi mnapata wapi huku?

Mama Neema:
Ya eVisa msubiri Mzee Kipara. Ulezi nenda duka la Wahindi uulizie ragi, au nachni. Usichukue unga. Chukua punje nzima, unga hauchipui.