Nyayo zimekufa ganzi, lakini bado zinawaka moto: seli za neva za hisi zinafanya nini?

Mkazi wa Masasi
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi, na kila usiku nyayo zake huwaka moto kiasi kwamba hata khanga ikimgusa vidoleni hulia. Hata hivyo, juzi aliporudi kutoka kwenye mikorosho tulikuta mwiba umezama kisiginoni na damu imegandia kwenye kandambili, naye hakuwa amehisi chochote. Inawezekanaje mguu uliokufa ganzi ukauma namna hiyo? Jirani anadai mama anasingizia, na maneno hayo yananiumiza sana.

Muuguzi, Lindi
Pole sana. Mama hasingizii, na mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Seli ya neva ya hisi inayohudumia kidole cha mguu imekaa kwenye kifundo, yaani fungu dogo la seli za neva lililo kando ya uti wa mgongo, na kutoka hapo uzi wake mwembamba huteremka hadi kidoleni, mwendo wa karibu mita 1 kwa mtu mzima. Sukari ikikaa juu kwa miaka huumiza uzi huo pamoja na mishipa midogo ya damu inayoulisha, na kwa kuwa nyuzi ndefu ndizo hutangulia kuharibika, tatizo huanzia miguuni. Ncha zikishakufa, mwiba hukosa wa kuutolea taarifa. Seli yenyewe, hata hivyo, bado i hai: kwenye sehemu iliyojeruhiwa, na hata kule kwenye kifundo, milango ya sodiamu, yaani vitundu vya ukuta wa seli vinavyopitisha chembe za sodiamu na kuanzisha umeme wa neva, huwa myepesi mno kufunguka, hivyo seli hutoa ishara bila kuguswa na kitu. Ubongo huutambua uzi ule kuwa ni wa kidole, basi mgonjwa huhisi kidole kinaungua.

Mwalimu wa baiolojia, Newala
Naongezea kuhusu khanga. Ishara hizo zikimiminika bila kukoma, seli za uti wa mgongo zinazozipokea nazo hupata wepesi uliopita kiasi, hata mguso wa kawaida, unaoletwa na nyuzi nyingine kabisa, ukahisiwa kama maumivu. Umuhimu wa milango ya sodiamu ulidhihirika mwaka 2006, watafiti walipoeleza familia za kaskazini mwa Pakistani ambazo baadhi ya watoto wao walizaliwa na hitilafu iliyouzima mlango mmojawapo, uitwao Nav1.7: hawakuwahi kuhisi maumivu, hata walipoungua au kuvunjika mifupa.

Mkazi wa Masasi
Nawashukuru. Baba mdogo naye aliugua mkanda wa jeshi. Upele umekauka, ubavu bado unamchoma. Ni jambo hilohilo?

Muuguzi, Lindi
Ndiyo, maana virusi vya tetekuwanga hujificha ndani ya vifundo vilevile na vikiamka huziumiza seli hizo. Parasetamoli husaidia kidogo sana hapa. Daktari anaweza kuwaandikia amitriptilini ya dozi ndogo usiku, au gabapentini, baada ya kuuliza habari za moyo na figo. Kama yeyote kati yao anatumia isoniazidi ya kifua kikuu, aseme, kwa sababu nayo huumiza neva ikipunguza vitamini B6 mwilini. Kisigino cha mama kikaonwe kituo cha afya leo, na msimkande kwa maji ya moto, kwani anaweza kuungua asijue.