Ushauri wakuu: rili ya beitikasta kwa sangara wa kwenye magugu na mawe (Mwanza)

Kijana wa Luchelele:

Habari za saa hizi wakuu. Niende moja kwa moja.

Navua kwa rili (mashine ya kukunjia uzi) ya spining, ile inayoning'inia chini ya fimbo, pande za Luchelele, mara mojamoja naenda Igombe. Shida yangu ni ileile kila siku: nikinasa sangara wa maana, anakimbilia magugu maji au anaingia katikati ya mawe, na uzi unakatika. Nimeamua kuhamia beitikasta, zile rili zinazokaa juu ya fimbo na spuli yake, yaani kibiringo cha uzi, inazunguka wakati unarusha.

Nimeangalia sana video za Wamarekani wanaovua bass, samaki wao wa maji baridi, kwenye majani mazito. Wote wimbo mmoja: gia ya kasi, 8:1 kwenda juu, uzi wa kusuka wa paundi 65, unamnyanyua samaki kabla hajajizungusha kwenye majani. Sasa kuna jamaa anauza Shimano Curado 150 ya gia 8.5:1, imetumika lakini safi. Mwingine ana Abu Garcia Ambassadeur 6500, ile ya duara, gia 5.3:1, ya zamani kidogo. Zote zinaingia kwenye laki nne niliyotenga.

Moyo uko kwa Curado. Ni nyepesi na inakaa vizuri kiganjani. Ile ya duara naiona kama winchi ya kivuko. Mnasemaje? Navua nikiwa juu ya mawe, mtumbwi ni wa kukodi na si mara nyingi. Mkono wangu wa kurushia ni wa kulia.

Mshipi Tu:

Laki nne? Mdogo wangu, kwa hela hiyo unanunua mshipi na ndoano za kukutosha mpaka uzeeke, na chenji unakula sato Kirumba. Haya, nawaachia wenye mashine.

Mvuvi wa Naivasha:

Salamu kutoka Kenya. Mimi huyo bass namvua, kwa hivyo wacha nikuambie. Naivasha aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na huko kwenu Victoria hayuko. Yeye ni samaki wa kujificha. Hukaa chini ya majani kabisa, kwenye kivuli, na kinachopita karibu anakidaka. Ndio sababu hao Wamarekani hutoboa majani kwa chubwi nzito, ile risasi ya kuzamishia chambo, wanamdondoshea chambo bandia kichwani, halafu wanamng'oa kwa nguvu mara moja. Mapambano yote yanaishia mita chache kutoka kwa fimbo.

Lakini angalia ukubwa wake. Rekodi ya dunia ya bass ni kilo 10 na kidogo, iliwekwa Georgia mwaka 1932, na mpaka leo imefikiwa mara moja tu, Japani mwaka 2009. Mbuta wenu, yaani huyo sangara, anaweza kufika kilo 200. Sijasema utampata huyo wa kilo 200 ukiwa juu ya jiwe, ila rili ya video hizo ilitengenezewa samaki ambaye kwenu ni saizi ya kawaida sana.

Nyegezi Kitaaluma:

Naivasha amegusa penyewe, niongeze kipande kimoja ambacho kwangu ndicho kinachoamua rili.

Sangara ni samaki anayehitaji oksijeni nyingi. Magugu yakishajifunga kuwa mkeka mnene, maji ya chini yake yanapungukiwa hewa, maana mwanga haupiti na majani yanaoza mle ndani. Wanaoweza kuishi humo ni kamongo na kambale, hao wanapanda juu kuvuta hewa, pamoja na furu wadogo. Ndiyo maana furu wengi waliosalimika baada ya sangara kupandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 walijificha kwenye vinamasi vya mafunjo. Adui yao hawezi kukaa humo.

Kwa hiyo sangara utamkuta kwenye ukingo wa magugu anasubiri furu atoke, au kwenye mawe yenye maji yanayotembea. Anaingia kwenye magugu akishanaswa, kwa hasira. Huna haja ya kutoboa mkeka kama Wamarekani. Unahitaji kurusha mbali sambamba na ukingo, kwa chambo cha gramu 30 mpaka 60, kisha umzuie asigeuke. Hiyo ni kazi nyingine na rili yake ni nyingine.

Kijana wa Luchelele:

Nyegezi, hapo umenifungua. Kweli wote niliowapata wamekamatia pembeni. Lakini bado: si gia ya kasi ndiyo inamzuia asifike kwenye magugu?

Fundi Rili:

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Ngoja nieleze taratibu kwa sababu nazifungua hizi mashine kila wiki.

Namba ya gia peke yake haikuambii kasi. 8.5:1 maana yake ukizungusha mkono wa rili mara moja, spuli inazunguka mara nane na nusu. Lakini spuli ya Curado 150 ni ndogo, ikijaa uzi kipenyo chake ni kama milimita 34. Zidisha: mzunguko mmoja unakupa uzi wa sentimita 91 hivi. Ambassadeur 6500 spuli yake ni nene zaidi, kwa hiyo gia 5.3 inakupa karibu sentimita 66. Tofauti ipo, ila si kubwa kama ukilinganisha 8.5 na 5.3 kwa macho.

Sasa nguvu. Uzi unaoingia kwa mzunguko mmoja ukiwa mwingi, nguvu ya kumvuta samaki inapungua, hiyo haikwepeki. Mikono ya rili ikilingana urefu, jasho lilelile la kiganja litavuta kwa zaidi ya theluthi moja ya ziada kwenye 66 kuliko kwenye 91. Kwa bass wa kilo mbili hutaona tofauti. Kwa sangara wa kilo 15 aliyegeuza mgongo, mkono wa Curado utakwama, hausogei, na wakati umekwama yeye anatembea.

Kwa hiyo ukinunua rili angalia vitu viwili kabla ya gia: sentimita za uzi kwa mzunguko mmoja, na urefu wa mkono. Mkono wa rili nyingi za bass ni sentimita 8 au 9 kutoka ncha hadi ncha. Mkono wa nguvu ni 11 na kuendelea, wenye vishikio vikubwa. Hiyo sentimita mbili inafanya kazi kuliko matangazo yote ya gia.

La tatu ni fremu. Rili ndogo ikivutwa sana mwili wake unajipinda kidogo, meno ya gia yanaacha kukaana sawa, unaanza kusikia mkwaruzo. Ambassadeur ina gia ya shaba nyeupe na ni kubwa. Ya zamani haikutishi, mafuta tu na beringi mpya kama zimechoka. Bahati yetu ni maji baridi, chumvi haipo. Adui wetu ni mchanga.

Mama wa Kirumba:

Fundi umesema vizuri lakini mwanangu anasimama juu ya mawe, kwa hiyo nimwambie ya huko. Usishuke majini kufuata samaki aliyenasa kwenye magugu. Kichocho kipo kando zote hizi, na mamba anapenda kukaa palepale magugu yanapogusa nchi kavu. Uzi ukikwama, ukate. Na sangara chini ya sentimita 50 mrudishe, sheria ni sheria hata kama unavua kwa kujifurahisha. Leseni nenda kaulize ofisi ya uvuvi, na maji ya Saanane usiyasogelee, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2013.

Kijana wa Luchelele:

Shikamoo mama, nimesikia. Nitafuata.

Fundi, vipi kuhusu dragi, ile breki inayoachia uzi samaki akivuta sana? Curado imeandikwa kilo 5, nikaona ni nyingi tu.

Fundi Rili:

Kilo 5 kwenye karatasi ni dragi iliyokazwa mpaka mwisho. Ikikazwa hivyo inatoa uzi kwa kushtukashtuka, na hapo ndipo uzi unakatika au ndoano inanyooka. Rili unataka uitumie nusu ya uwezo wake ili iteleze laini. Samaki wa kumzuia kwenye mawe anahitaji kilo 4 au 5 za kweli, kwa hiyo tafuta rili yenye 8 na zaidi.

Usiibahatishe. Chukua ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki, funga uzi kwenye ndoano yake, mtu aishike, wewe shika fimbo kama unavyovua na urudi nyuma. Utashangaa kilo 4 zilivyo nzito ukiwa umesimama juu ya jiwe linaloteleza.

Mtoto wa Kayenze:

Samahani wakuu, mimi niko upande wa Curado na sitahama. Mmeongea nguvu tupu, hakuna aliyemwambia kwamba anatoka kwenye spining na hajawahi kurusha beitikasta. Spuli ikizunguka kuliko chambo kinavyokwenda, uzi unajivuruga mpaka unakaa chini kuufumua nusu saa. Curado breki zake unarekebisha kwa kidole nje ya kifuniko. Hizo Ambassadeur nyingi breki ni vipande vidogo vya ndani, lazima ufungue pembeni ndiyo uviguse. Mgeni atazichukia siku ya kwanza.

Na upepo je? Hapa kwetu mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu. Unarusha unapigwa usoni, chambo kinapunguza mwendo, spuli haina habari. Vurugu.

Fundi Rili:

Kayenze, kwenye breki nakubaliana na wewe. Ila chambo cha gramu 40 kinasamehe mambo mengi, kinachovuruga wageni ni chambo chepesi. Afanye hivi: ajifunzie kwenye uwanja, chambo bila ndoano. Akaze kile kitasa cha pembeni cha spuli mpaka chambo kishuke polepole kwa uzito wake na spuli isimame kikigusa chini. Arushe kwa fimbo ndefu bila kupiga kwa hasira, dole gumba likae juu ya spuli na liibane chambo kinapokaribia kutua. Breki ya kweli ya rili hizi ni dole gumba.

Kuhusu upepo, aende alfajiri. Saa hizo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, unamsukumia chambo, na magugu nayo yanakuwa yamesogea nje kidogo. Mchana upepo unayarudisha yote kwenye mawe.

Nyegezi Kitaaluma:

Kweli kabisa hayo ya magugu kuhama. Waliokuwa wanavuka Kigongo–Busisi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025 wanajua yalivyokuwa yanakuja na kuondoka. Usipende sehemu moja, fuata ukingo ulipo siku hiyo.

Mvuvi wa Naivasha:

Jambo la uzi hamjalimaliza. Uzi wa kusuka ukiufunga moja kwa moja kwenye spuli utateleza wote kwa pamoja, utadhani dragi imeharibika. Anza na mita kadhaa za uzi wa nailoni chini yake. Halafu ujaze ukiwa umebanwa sana, kwa sababu ukilegea, samaki akivuta uzi wa juu unazama katikati ya ule wa chini, na siku ya kurusha unakwama ghafla.

Paundi 65 ni kama kilo 29, inatosha. Mbele weka kipande cha nailoni nene, mita moja na nusu hivi, maana mdomo wa mbuta unakwaruza na kifuniko cha shavu lake kinakata.

Mshipi Tu:

Mimi mmenishawishi nusu. Hiyo ya dole gumba kuwa breki, mbona ni mshipi uleule umewekewa kiti?

Kijana wa Luchelele:

Wakuu nimeridhika. Nachukua Ambassadeur. Mkono wake mfupi nitaubadilisha niweke wa nguvu. Maswali mawili ya mwisho: mkono wa kununua mtandaoni utaingia wowote? Na narusha kwa kulia, je nitazungusha kwa mkono upi?

Fundi Rili:

6500 mkono wake uko kulia. Utarusha kwa kulia, kisha fimbo unaihamishia kushoto ndipo uanze kuzungusha. Wengine wanaipenda hivyo kwa sababu mkono wenye nguvu ndio unaovuta. Kama hutaki kuhamisha, ya mkono wa kushoto inaitwa 6501, kwa hiyo soma namba kwenye kifuniko kabla hujatoa hela.

Mkono wowote hauingii. Tundu la Abu Garcia na Shimano ni milimita 7 kwa 4, la Daiwa ni 8 kwa 5. Agiza wa 7 kwa 4. Ukiufunga, zungusha polepole uone kama vishikio havigongi ile nyota ya kukazia dragi. Vikigonga, mkono huo umenyooka mno, tafuta uliopinda kuelekea nje.

Na kabla hujamlipa jamaa, kaza dragi mpaka mwisho, shika spuli kwa dole gumba, jaribu kuzungusha mkono. Ukisikia unaruka meno, muachie rili yake.