Krosi ya propela haikai kwenye yoki ya difu iliyobadilishwa

Mwenye Pikapu (swali)

Habari za kazi, ndugu mafundi. Ninabadilisha difu ya nyuma ya pikapu yangu na kuweka nyingine iliyotoka kwenye gari zito kidogo kuliko langu. Giaboksi nayo itabadilishwa, lakini bado sijaifunga. Vikombe vya krosi (kiungo chenye umbo la msalaba) ya propela yangu ya zamani, yaani shafti inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu, vina kipenyo cha milimita 27, na vinaingia sawasawa kwenye viti vya yoki (uma unaoshika krosi) ya difu mpya. Hata hivyo, krosi ikishakaa inacheza kwenda kushoto na kulia, kwa sababu inabaki nafasi ya takriban milimita 10. Muuza vipuri anasisitiza kwamba krosi zote za kikombe cha 27 ni moja, na ananishauri nizibe nafasi hiyo kwa washa (pete bapa za chuma). Je, ushauri huo ni sahihi, na krosi hutambuliwaje kwa uhakika?

Fundi Difu

Ndugu, washa usiweke. Krosi isipokaa katikati ya yoki, propela huzunguka ikiwa imeegemea upande mmoja. Mtetemo utaanza mara tu mwendo unapoongezeka, na siku moja kikombe kitachomoka.

Krosi hutambuliwa kwa vipimo viwili, si kimoja: kipenyo cha kikombe na upana, yaani umbali kutoka uso wa nje wa kikombe kimoja hadi uso wa nje wa kikombe kinachokitazama. Katika mfululizo wa Spicer (chapa ya krosi na propela), ambao hutumika kwenye magari mengi ya aina hiyo, namba 1310 ina kikombe cha milimita 27.0 na upana wa 81.8, ilhali 1330 ina kikombe kilekile cha 27.0 lakini upana wake ni 92.1. Toa kipimo kimoja kwenye kingine utapata milimita 10.3, ambayo ndiyo nafasi unayoiona. Kwa hiyo ninaamini propela yako ni ya 1310 na yoki ya difu ni ya 1330. Mkanganyiko hauishii hapo, kwani 1350 ina upana uleule wa 92.1 lakini kikombe chake ni cha 30.2, na 1410 ina kikombe hicho cha 30.2 na upana wa 106.4. Anayepima upande mmoja tu anaweza kununua krosi isiyofaa akiwa na kipimo sahihi mkononi.

Tumia venia (kipimio cha taya chenye usahihi mkubwa), si rula. Kwenye yoki ya difu pima kipenyo cha kiti, kisha umbali kati ya vizuizi vidogo vinavyoshikilia vikombe visisogee. Angalia pia mahali zinapokaa klipu, yaani vibanio vinavyozuia vikombe visichomoke. Vipimo nilivyotaja ni vya krosi zenye klipu za nje. Zile ambazo klipu yake hukaa ndani ya masikio ya yoki hupimwa kati ya mifereji ya klipu, na ukizipima kwa namna ile nyingine utapata jibu la kupotosha.

Zipo krosi za kuunganisha, zenye mikono miwili ya upana wa 1310 na miwili ya upana wa 1330. Hiyo ndiyo itakayokufaa.

Mzee wa Shafti

Nakubaliana na Fundi Difu kuhusu vipimo, ila sikubaliani na hitimisho lake. Krosi ya kuunganisha ni halali, na kwa gari lisilobeba mzigo mzito haina tatizo. Lakini mwenzetu amesema giaboksi nayo inabadilishwa, na ni nadra urefu wa propela kubaki vilevile baada ya kazi hiyo. Ikiwa propela itapelekwa kukatwa kwa vyovyote vile, ichomelewe yoki ya 1330 wakati huohuo, kisha isawazishwe mara moja, badala ya kuacha sehemu dhaifu kati ya difu kubwa na injini.

Kubadilisha yoki ya difu yenyewe ningekushauri uifikirie mwisho kabisa. Kwenye difu nyingi nati ya pinioni (gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu) hukaza pia bushi inayobonyea, na ukiifungua bila kuirudisha kwa mkazo unaotakiwa, beringi za pinioni zitaharibika.

Funga kwanza giaboksi na difu, gari lisimame kwa magurudumu yake likiwa na uzito wake wote, ndipo upime urefu. Mchomeleaji ahakikishe kwamba yoki za ncha mbili za propela zimelingana mstari, na wewe hakikisha pembe ya krosi ya mbele na ya krosi ya nyuma zinakaribiana ndani ya digrii moja, vinginevyo mtetemo utabaki hata kwa krosi mpya.

Mwenye Pikapu

Nashukuru, wakuu. Nimepima kwa venia kama nilivyoelekezwa: viti vya yoki ni 27.0, na kati ya vizuizi ni 92.1. Kwa kuwa propela itakatwa, nitafuata njia ya Mzee. Je, yubolti za zamani (bolti zenye umbo la U zinazoshika vikombe kwenye yoki) zinaweza kutumika tena?

Fundi Difu

Weka mpya, na uzikaze kwa spana ya kupimia mkazo. Yubolti ikikazwa kupita kiasi hubana kikombe kikapoteza umbo la duara, na beringi za sindano zilizomo ndani huanza kuliwa hata kama grisi imejaa. Kabla ya kuchomelea, krosi mpya ya 1330 ijaribiwe kwenye yoki zote mbili.