Kiti cha magurudumu kwa njia ya mizizi na tope: tupokee hiki cha msaada?

Mama Zuhura (Muheza)
Habari zenu wapendwa. Mume wangu alianguka kwenye mnazi mwaka jana, akaumia uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka chini hana hisia. Sasa kuna watu wema wanataka kumpa kiti cha magurudumu cha kukunja, kile cha hospitalini chenye kalio la turubai. Kutoka kwetu hadi barabarani ni njia ya udongo, mizizi ya miembe imejaa, na mvua ikinyesha ni tope tupu. Mwenyewe anachotaka ni afike msikitini na dukani bila kusukumwa na mtu. Tukipokee au tutafute kingine?

Baba Rehema (Tanga)
Pole sana dada, na shemeji mpe pole zangu. Natumia kiti tangu 2011, ajali ya bodaboda.

Kiti unachokieleza ni cha sakafu ya wodi. Tazama magurudumu ya mbele: madogo, membamba, tena yako karibu mno na yale ya nyuma. Yakigonga mzizi yanagoma, aliyekaa anatangulia. Cha kwanza nilichopewa kilinimwaga sokoni, uso kwenye mchanga. Kwa njia zetu tafuteni kile kirefu cha magurudumu matatu, mawili makubwa nyuma na moja mbele kabisa, mbali na miguu. Vipo pia vya manne, ila ya mbele yawe mapana na yamesogezwa mbele. Kuna Mmarekani, Ralf Hotchkiss, aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966. Amekuwa akiunda viti vya namna hiyo pamoja na mafundi wa nchi kama zetu, spea zake zipatikane hapo hapo wanapoishi watu. Na wewe uliza hivyo hivyo kabla ya kupokea: tairi likipasuka, Muheza nitalipata? Changu kinavaa tairi na tyubu za baiskeli ya kawaida, fundi wa mtaani anaziba pancha nikisubiri.

Lakini dada, nakusihi, kabla ya kiti ulizia mto wa kukalia. Shemeji hasikii makalio yake, kwa hiyo ngozi itakufa naye anapiga soga. Mimi nililazwa kifudifudi miezi kwa kidonda kilichoanza kama alama nyekundu, ukubwa wa sarafu. Wapo niliolala nao wodi moja wakatoka salama na mgongo wao, wakaja kufa kwa vidonda. Turubai tupu asikalie hata siku moja. Kila jioni mpe kioo ajiangalie mwenyewe. Akiona wekundu, alale ubavu, na asikae mpaka uishe kabisa. Na akiwa kitini, kila robo saa hivi ajinyanyue kwa mikono au ainame kifua kiguse mapaja. Mimi hufanya hivyo hata kwenye kikao cha harusi, wenzangu wameshazoea.

Fiziotherapia_Moshi
Baba Rehema kasema yote kuhusu ngozi. Mimi naongeza vipimo. Mkalisheni wima kwenye benchi, amevaa viatu. Pima upana wa nyonga, kisha paja kutoka nyuma ya kalio hadi nyuma ya goti, kisha goti hadi kisigino. Kiti kikiwa kipana mno mgongo unapinda na mikono haifikii magurudumu sawasawa. Mto nao una kipimo chake: akiwa amekaa, pitisha mkono chini ya mfupa wa kalio, kiganja juu. Vidole vikibanwa visiweze kucheza, sponji hiyo imechoka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unataka mtu apimwe, ajaribishwe, afundishwe na afuatiliwe, asikabidhiwe kiti tu na kupigwa picha. Kama mnaweza kusafiri, ulizeni hospitali ya CCBRT Dar es Salaam au ya KCMC hapa Moshi.

Mama Zuhura
Mungu awabariki. Nimempima: nyonga sm 38, paja 47, goti hadi kisigino 44. Kalio la kile kiti ni sm 46! Kuhusu kile kirefu, mlango wetu una sm 70. Kitapita?

Baba Rehema
Pima kutoka ringi ya kusukumia hadi ringi ya pili, usipime kalio. Changu kina sm 66, mlango wa 70 kinapita kikiwa kimenyooka, ila kona ya ukumbini hakikati kwa ule urefu. Kwa hiyo hicho cha msaada msikikatae. Mwekeeni mto wa maana, jazeni sponji ngumu pande zote mbili mpaka nyonga zikae imara, kiwe cha ndani na cha kupanda basi. Kile kirefu kilale barazani. Mlangoni kuna ngazi? Kila sm 1 ya kwenda juu inataka sm 12 za mteremko ili apande mwenyewe, yaani ngazi ya sm 20 inataka mteremko wa mita 2.4. Mwambie fundi asiupige sakafu laini, mvua ikinyesha utateleza.