Naomba ushauri: kutenganisha plastiki ndogo na tope la mikoko

Wakuu, habari za kazi.

Niko kwenye utafiti wa uzamili kuhusu vipande vya plastiki vya chini ya milimita 5 kwenye tope la mikoko, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, Dar es Salaam.

Kinachonitesa ni tope lenyewe. Nikilikoroga kwenye maji ya chumvi iliyokolea, plastiki inaelea kweli, lakini inaelea pamoja na vijizizi na majani yaliyooza. Karatasi ya kuchujia inatoka nyeusi kama masizi ya sufuria. Nilimimina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 ili iunguze mabaki hayo ya mimea, povu likapanda na kumwagika mezani, sampuli ikaenda nalo. Isitoshe, PET (plastiki ya chupa za maji) na PVC (ya mabomba) ni nzito kuliko maji hayo ya chumvi, zinabaki chini. Maji ya zinki kloraidi, chumvi inayofanya maji yawe mazito zaidi, yangezielesha, ila kwa mfuko wa mwanafunzi, mmh.

Naomba kujua: peroksaidi niitangulize kidogo kidogo kabla ya chumvi, au nisubiri baada ya kuelesha? Na nyuzi za bluu nilizozikuta hata kwenye maji matupu ya kulinganishia (nashuku sweta langu), nizitoeje kwenye hesabu?

Natanguliza shukrani.